Kanula, PICC au poti: ipi inamfaa mgonjwa wa saratani wa Dodoma, na inalindwaje nyumbani

Mgonjwa wa saratani anapoanza tibakemia, ndugu huuliza dawa gani anapewa, mizunguko ni mingapi, nywele zitanyonyoka au la. Wachache sana huuliza dawa hiyo itaingilia wapi. Mimi ni nesi wodini hapa Dodoma, na ninachokiona ni kwamba pale inapoingilia ndipo mengi yanapoharibikia. Mkono unavimba, mshipa unakuwa mgumu hautobolewi tena, homa inapanda wiki ya pili, mzunguko unaahirishwa. Sehemu kubwa ya hayo inazuilika, na kuzuia kunaanza siku ile mnapokubaliana na daktari dawa ipite kwenye kifaa gani: kanula, PICC au poti.

Maelezo mengi ya mambo haya yameandikwa kwa watu ambao nesi huwafuata nyumbani kwao. Kwetu mgonjwa anatoka Kondoa, Mpwapwa, Manyoni au ndani ndani kule Bahi. Anapanda basi alfajiri, anawekewa dawa, anarudi, na hatumwoni tena mpaka wiki tatu zipite. Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia bei au usasa wa kifaa huwa nauliza: kati ya leo na siku ya kurudi, nani atakiangalia? Jibu la swali hilo limenisaidia kushauri familia nyingi kuliko kitu kingine chochote.

Kanula ya mkononi

Hii kila mtu anaijua. Ni mrija mfupi wa plastiki unaobaki ndani ya mshipa baada ya sindano kuchomolewa, na rangi yake inaonesha unene: njano ni nyembamba, kisha bluu, kisha pinki, kisha kijani. Wapo wagonjwa wanaoomba kijani kwa sababu dripu inakimbia. Kwa tibakemia tunachagua nyembamba inayotosha, mara nyingi bluu, kwenye mshipa mkubwa kadiri unavyopatikana, ili damu ipite pembeni ya mrija na kuichanganya dawa.

Uzuri wa kanula ni kwamba ni nafuu, inawekwa kwa dakika chache, na ikitolewa jioni mgonjwa anaondoka hana kitu mwilini cha kulinda. Kama mizunguko ni michache, dawa si za kuunguza na mishipa bado ni mizuri, kanula mpya kila mzunguko ni njia safi. Nasema hivi kwa sababu kuna familia zinazoona mzee wao "amepewa ya bei rahisi" na kuanza kukopa ili awekewe kitu kikubwa ambacho hakihitaji.

Shida inakuja na dawa zinazounguza nyama zikivuja nje ya mshipa. Doxorubicin, ile nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, ni mojawapo. Vincristine ni nyingine. Zikivuja zinaweza kuacha kidonda kinachochimba hadi kwenye kano, na wengine huishia kufanyiwa upasuaji. Kwa dawa hizi kanula inafaa iwe kati ya kifundo cha mkono na kiwiko, mahali penye nyama, isiwe kwenye kiungo wala mgongoni mwa kiganja. Sindano ya kipepeo yenye chuma haifai kabisa. Nesi anapaswa kuvuta kidogo aone damu inarudi na kusukuma maji ya chumvi kabla ya kuanza, na una haki ya kumwona akifanya hivyo. Kama uliondolewa tezi za kwapa wakati wa upasuaji wa titi, sema mapema ili watumie mkono wa upande wa pili.

Kisha kuna hili la kunyamaza. Mama mmoja alikaa na dripu yake kimya, khanga imefunika mkono. Nilipoifunua, ngozi juu ya kanula ilikuwa imeinuka, inang'aa na imepoa kuliko pembeni.

"Mama, inauma?"

"Inachoma kidogo, mwanangu. Toka saa ile. Nikaona una watu wengi, nisikusumbue."

Siku hiyo yalikuwa maji ya chumvi tu, dawa yenyewe ilikuwa haijafunguliwa. Ingekuwa ile nyekundu, muda ule wote angekuwa anaungua. Wagonjwa wetu wa huku ni wapole na wanatuonea huruma. Naomba upole huo usiwepo dawa inapoingia. Ukihisi kuchoma, kubana, au kuona uvimbe au wekundu, ita hapo hapo. Dripu itasimamishwa, mrija hautachomolewa kwanza, na dawa iliyobaki ndani itavutwa kwa sirinji. Mkono usikandwe wala kusuguliwa. Mengine yanategemea dawa: doxorubicin hupoozwa kwa baridi, vincristine huwekewa joto. Ndiyo maana bibi akileta maji ya moto nyumbani kwa nia njema anaweza kuongeza madhara. Piga simu wodini kwanza.

Kuondoka na kanula mkononi ili "isichomwe tena kesho" nakubaliana nako mahali pamoja tu: dawa ni za siku mfululizo, na mgonjwa analala mjini kwa ndugu au gesti ya karibu. Hata hapo iangaliwe kila siku, na ikianza kuuma, kuvimba au kuwa nyekundu itolewe bila kujali imekaa siku ngapi. Hospitali nyingi huibadilisha ikifika kati ya saa 72 na 96. Kwenda nayo kijijini na kurudi nayo baada ya siku nyingi ni kubeba mlango wa wadudu wakati kinga ya mwili inashuka.

PICC

Huu ni mrija mrefu na laini unaoingizwa juu ya kiwiko, unapita ndani ya mshipa mpaka karibu na moyo, na mara nyingi picha ya eksirei hupigwa kuhakikisha ncha yake imefika mahali pake. Faida yake ni kwamba pale ncha ilipo damu ni nyingi na inakwenda kasi. Dawa kali ikimwagikia hapo ni sawa na kikombe cha rangi kwenye mto uliofurika, tofauti na kukimwaga kwenye kijito. Mishipa ya mkono inapumzika, na damu ya vipimo inaweza kuvutwa hapo hapo. Unaweza kukaa miezi kadhaa.

Gharama yake halisi inaanza baada ya kuwekwa. Mrija unatokeza nje ya ngozi usiku na mchana, kwa hiyo pale unapotokea pafunikwe muda wote. Plasta ibadilishwe kila siku saba, au mapema ikilowa, ikichafuka au ikibanduka. Mrija usukumwe maji ya chumvi angalau mara moja kwa wiki ili usizibe, na kwa sirinji ya mililita 10 au kubwa zaidi, kwa sababu sirinji ndogo hutoa msukumo mkali unaoweza kuupasua. Huu si utani: sirinji ya mililita 2 iliyozoeleka kwenye zahanati ndiyo hatari yenyewe. Mkono huo haupimwi presha, haubebi ndoo ya lita 20, haushiki jembe wala mchi. Damu inaweza kuganda kuzunguka mrija. Ukiona mkono mzima umevimba, au bega na shingo ya upande huo vinauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa anayekaa mitaa ya mjini kama Kisasa, Ipagala au Nkuhungu na anaweza kufika kliniki kila wiki, PICC ni chaguo zuri. Kwa mtu wa kijijini ambaye nauli ya kuja mjini ni hesabu ya familia nzima, naiogopa, isipokuwa mmeshapata kituo cha karibu chenye nesi aliyefundishwa na vifaa vipo. Muulizeni huyo nesi ana kwa ana kabla mrija haujawekwa.

Kuna pia laini ya Hickman, inayopita chini ya ngozi ya kifua na kutokea nje. Mahitaji yake ya ulinzi yanafanana na ya PICC, kwa hiyo swali la nani atakiangalia ni lile lile.

Poti

Poti ni kikasha kidogo kinachozikwa chini ya ngozi ya kifua, kikiwa kimeungwa na mrija ulioingia kwenye mshipa mkubwa. Matumizi ya poti za namna hii kwa wagonjwa wa saratani yaliripotiwa mwaka 1982. Kwa nje unaona kifundo kidogo tu, basi. Siku ya dawa nesi anatoboa ngozi juu yake kwa sindano maalumu, na mkimaliza sindano inatolewa. Jeraha la upasuaji likishapona, katikati ya mizunguko hakuna plasta, hakuna mrija unaoning'inia, na kuoga ni kama kawaida. Isipotumika, husukumwa maji ya dawa kila baada ya wiki nne hivi, na baadhi ya hospitali huruhusu muda mrefu zaidi.

Uingereza walizilinganisha njia hizi kwa wagonjwa 1,061 wa tibakemia, na matokeo yakatoka mwaka 2021. Poti ilipowekwa dhidi ya PICC, waliopata tatizo lolote la kifaa walikuwa asilimia 32 kwa poti na 47 kwa PICC. Dhidi ya Hickman ilikuwa 29 kwa 43. PICC na Hickman hazikuachana sana. Hao ni wagonjwa walio kwenye mfumo wenye vifaa na ufuatiliaji wa karibu. Kwa mtu anayerudi kwenye nyumba ya udongo, vumbi la Agosti na maji ya kununua kwa dumu, mimi naamini kifaa kilichozibwa na ngozi yake mwenyewe kina faida zaidi hata ya hapo.

Ila kina masharti. Kukiweka ni kazi ya chumba cha upasuaji, na kukitoa vilevile. Bei yake ni kubwa kuliko hizo nyingine, kwa hiyo muulize daktari na ofisi ya bima mapema kama bima yako inalipia kifaa, upasuaji na zile sindano. Sindano zenyewe ni za lazima. Ya kawaida humega kile kizibo cha silikoni na kukifanya kivuje. Ukifika kituo chochote na ugonjwa mwingine, waambie una poti, na usikubali itobolewe na mtu asiye na sindano yake. Kwa malaria au kuharisha kanula ya mkononi inatosha. Sindano ikiachwa ndani kwa matibabu ya siku kadhaa, inahitaji plasta na ulinzi kama PICC, na hubadilishwa kila siku saba. Na wadudu wakishaingia kwenye mfuko wa poti, kwa kawaida lazima itolewe.

Nikijumlisha mwenyewe: mzee wa mizunguko minne, dawa nyepesi, mishipa inaonekana, apewe kanula na itolewe kila mara. Binti wa mjini mwenye dawa kali za miezi mitatu au minne, PICC inatosha kama wiki haitapita bila kliniki. Mama wa Kondoa mwenye matibabu ya mwaka na mishipa iliyochoka, familia ikiweza, fedha ya kwanza iende kwenye poti. Muulizeni daktari ni ipi inawekwa pale mnapotibiwa, na mwulize mapema, mishipa ikiwa bado ina nguvu.

Plasta ya uwazi na gozi

Hapa ndipo ndugu wanaweza kusaidia zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Plasta ya uwazi inakuonesha tundu bila kulifungua. Inakaa hadi siku saba kwenye PICC. Udhaifu wake huku ni jasho. Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, jasho hukusanyika chini yake, ngozi inalowa na kingo zinaanza kujikunja. Angalia zile kingo kwa karibu: utaona mstari wa kijivu, vumbi na nyuzi za nguo zimenasa kwenye gundi. Mstari huo ukiwa ukingoni tu, hauna neno. Ukishaanza kuelekea kwenye tundu, au ukaona kiputo cha maji kimefika kwenye mrija, plasta hiyo imeshakwisha kazi hata kama imewekwa jana.

Gozi na plasta ya kitambaa hunyonya jasho na damu, ni nafuu na hupatikana famasi yoyote. Lakini hulioni tundu, na inatakiwa ibadilishwe kila siku mbili. Siku ya kwanza baada ya PICC kuwekwa damu huchuruzika kidogo, na mgonjwa ambaye chembe zake za kugandisha damu ziko chini huchuruzika zaidi. Hapo gozi ni bora. Jambo ambalo hata wenzangu husahau: gozi ikifunikwa na plasta ya uwazi huhesabiwa kuwa gozi, siku mbili, si saba.

Kwa msimu wa baridi na upepo, Juni hadi Agosti, napendelea ya uwazi kwa sababu vumbi halipenyi. Kwa joto la Novemba na mgonjwa anayetoka jasho jingi, gozi inayobadilishwa kwa wakati inashinda ya uwazi iliyobanduka. Ngozi ikiwasha, ikitoa malengelenge au kuchubuka kwa umbo la plasta, huenda gundi au dawa ya kusafishia imemkataa. Sema ibadilishwe aina, usivumilie. Selotepu ya dukani isiguse hapo.

Kusafisha kunafanywa na aliyefundishwa, ila ndugu wanaosimama pembeni wanaweza kuangalia. Klorheksidini ya asilimia 2 iliyochanganywa na spiriti ndiyo ninayoichagua, kwa sababu spiriti inaua haraka na klorheksidini inaendelea kufanya kazi kwenye ngozi. Inahitaji kama sekunde 30 kukauka. Iodini ni mbadala mzuri kwa anayedhurika na klorheksidini, ila inataka kama dakika mbili. Spiriti peke yake inakauka upesi na nguvu yake inakwisha upesi. Yoyote mtakayotumia, iachwe ikauke yenyewe. Nimeona watu wakipuliza kwa mdomo ili ikauke, na wadudu wa mdomoni wakashuka pale pale palipotoka kusafishwa. Kizibo cha mrija nacho kisuguliwe kwa spiriti, nguvu kidogo, kama sekunde 15, kila kabla ya kuunganisha kitu. Mafuta ya nazi, majivu, dawa ya mswaki na hata mafuta ya antibayotiki yasipakwe kwenye tundu; hayo ya mwisho hufungulia fangasi njia.

Kuoga na kazi za nyumbani

Nailoni safi au mkono wa koti la mvua? Nailoni, mradi iwe mpya, haina tundu, imezungushwa juu na chini ya plasta na kubanwa kwa tepu bila kukaza. Oga kwa kopo, mkono umeinuliwa nje ya maji yanayomwagika, na nailoni ivuliwe mara unapomaliza kwa sababu joto lake hutoa jasho. Plasta ikilowa, ibadilishwe siku hiyo. Beseni la kuzamisha mkono, bwawa na mto, hapana.

Kufunika mchana, kipande cha kitambaa cha pamba kilichoshonwa kama mkono wa shati ni bora kuliko khanga iliyofungwa fundo. Fundo linabana mshipa na kuvuta mrija. Shoneni viwili au vitatu, kimoja kifuliwe kila siku. Kufagia uwanja, kupepeta mahindi na kusafisha zizi afanye mtu mwingine. Anayegusa kifaa anawe kwa sabuni na maji tiririka kwanza. Kama maji ni ya dumu, tobo la kibuyu chirizi linatosha.

Homa

Kipimajoto cha kielektroniki kinunuliwe kabla ya mzunguko wa kwanza. Seli nyeupe za damu, zile za kinga, kwa dawa nyingi hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14, mgonjwa akiwa tayari nyumbani. Joto likifika 38 na kubaki hapo kwa saa moja, au likagonga 38.3 mara moja tu, ni dharura hata kama ni saa nane usiku. Usianze na panadol kusubiri kuche, kwa sababu inashusha joto na kuficha ugonjwa. Kutetemeka kwa baridi muda mfupi baada ya mrija kusukumwa maji ni dalili kubwa kwamba wadudu wako ndani ya mrija wenyewe. Na usidanganywe na tundu safi: seli nyeupe zikiwa chini, usaha na wekundu vinaweza visionekane kabisa.

Anzeni hospitali ya karibu yenye maabara na antibayotiki ya mshipani, mseme neno la kwanza mlangoni: "Huyu yuko kwenye tibakemia." Malaria ipimwe, lakini antibayotiki isisubiri.

Wapo pia wanaotibiwa taasisi ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, na kurudi Dodoma kati ya mizunguko, na tangu treni ya SGR ianze safari za huku mwaka 2024 wengine huifanya safari hiyo. Hao waombe kadi iliyoandikwa aina ya kifaa, tarehe kilipowekwa, urefu wa mrija unaotokeza nje kama ni PICC, siku kiliposukumwa maji mara ya mwisho na namba ya simu ya wodi. Ule urefu ni muhimu: nesi wa huku akipima na kukuta mrija umetoka zaidi ya kilichoandikwa, hatautumia wala kuusukuma ndani. Ataufunga vizuri na kuomba eksirei.